Geuza Chupa, Usome Nyuma

Mdogo wangu wa Makuyuni, barua yako nimeisoma mpaka mstari wa mwisho. Makuyuni yako ni hii ya Korogwe, njia ya kwenda Mombo, si ile ya Monduli, kwa hiyo nitakuelekeza kwa njia za huko huko kwenu. Unasema ulinunua losheni gulioni kwa ajili ya harusi ya wifi yako, ukaipenda harufu yake, ukajipaka karibu wiki mbili salama salimini. Kisha shingo ikaanza kuwasha, ikafuata ngozi ya ndani ya viwiko, mwisho kope zikavimba. Muuzaji anakwambia ngozi itazoea. Shangazi anasema ni joto tu. Wewe unauliza kama kuna maabara ya kuipima hiyo chupa ikakwambia ina nini ndani, na mwishoni ukaongeza swali la kikundi chenu cha sabuni: mwendelee kutia ile harufu mnayoletewa kutoka Kariakoo, au muiache?

Nianze na la haraka. Iache losheni hiyo leo. Ngozi yenye mzio haizoei, inazidi. Kinga ya mwili wako imekwisha kukitambua kiambata fulani na kukihesabu adui, na kazi hiyo ya kutambua huchukua siku kumi hivi, mara nyingine miezi, mara nyingine miaka. Ndiyo maana siku za mwanzo hukuona kitu. Ikishatambua, haisahau. Mzio wa namna hii kwa kawaida mtu huishi nao maisha yake yote, na kila akikigusa kile kile, upele unarudi.

Kuna jambo la pili linalowapoteza wengi. Upele wa mzio wa harufu hauji papo kwa papo. Unapaka leo, unawasha kesho au keshokutwa, kwa kawaida kati ya saa 24 na saa 72. Hapo mtu anasingizia dagaa wa jana, au maji ya kisima, au vumbi la barabarani, na chupa yenyewe inaendelea kukaa mezani ikitumika asubuhi na jioni. Mtu anaweza kuhangaika mwaka mzima na dawa za minyoo kwa ugonjwa ambao chanzo chake kiko kwenye kopo la mafuta.

Sasa chukua hiyo chupa, usiitupe, ukae nayo mahali penye mwanga. Mbele kuna picha ya maua na maneno ya kusifia, hayo yaache. Igeuze. Nyuma kuna maandishi madogo yanayoanza na Aqua, maana yake maji. Viambata hupangwa kwa wingi wake: kilicho kingi kinatangulia, na vile vidogo visivyofika asilimia moja vinawekwa mwishoni kwa mpangilio wowote. Huko mwishoni ndiko utakakokuta neno Parfum au Fragrance. Neno hilo moja linaweza kufunika harufu kadhaa zilizochanganywa, wakati mwingine kumi, wakati mwingine zaidi ya mia, na mtengenezaji halazimiki kuzitaja zote kwa sababu mchanganyiko ni siri yake ya biashara. Baada ya hapo, kwenye bidhaa zinazofuata utaratibu wa Ulaya, utaona majina mengine: Linalool, Limonene, Geraniol, Citral, Eugenol, Citronellol, Cinnamal. Yaandike yote kwenye daftari kama yalivyo, herufi kwa herufi.

Majina hayo hayakuwekwa pale kwa hisani ya kiwanda. Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria mwaka 2003, ikaanza kutumika mwaka 2005, kwamba viambata 26 vya harufu vinavyojulikana kuleta mzio vitajwe kwa jina vikizidi kiwango fulani. Kwa kitu kinachobaki mwilini, kama losheni, kiwango ni asilimia 0.001. Kwa kitu kinachosuuzwa, kama sabuni, ni asilimia 0.01. Pima mwenyewe udogo wake: kwenye chupa ya losheni ya gramu 400, asilimia 0.001 ni miligramu 4. Mwaka 2023 orodha hiyo iliongezwa ikapita viambata 80, na bidhaa mpya zinazoingia soko la Ulaya zinatakiwa kuifuata kuanzia tarehe 31 Julai 2026. Vingine havikuachwa vitajwe tu, vilikatazwa kabisa. Kimoja kiliitwa Lyral, kikaondolewa sokoni mwaka 2021 baada ya kuumiza ngozi za watu wengi mno. Mwaka 2022 kikafuata kingine, Lilial, kwa kuhofiwa kudhuru uzazi. Kwenye lebo Lilial huandikwa Butylphenyl Methylpropional. Ukiliona jina hilo refu, ujue hiyo ni chupa ya zamani au imetengenezwa kwa ajili ya soko lisilokikataza.

Maabara, basi. Ndiyo, kitu hiki kinapimika, na ningependa uelewe kinapimwaje ili mtu asikutishe wala asikudanganye. Mpimaji huchukua kiasi kidogo cha losheni, anakipima kwa mizani nyeti, anakiyeyusha kwenye kimiminika kinachozitoa harufu kutoka kwenye mafuta. Tone la kimiminika hicho linaingizwa kwenye mashine, linageuzwa mvuke kwa joto, na mvuke unasukumwa na gesi ndani ya mrija mwembamba kama uzi uliozungushwa, ambao ukinyooshwa hufika mita 30 hivi. Kila kiambata kinasafiri humo kwa mwendo wake, kama abiria walioshuka basi moja pale Segera: mwenye furushi jepesi anatangulia, mwenye magunia anachelewa. Kikitoka mwisho wa mrija kinapigwa na kuvunjwa vipande, na namna kinavyovunjika ndiyo inayokitambulisha. Linalool haivunjiki sawa na Eugenol. Mpimaji analinganisha na sampuli halisi anazozijua, anasoma kiasi, anaandika.

Hapa nchini kazi ya kudhibiti vipodozi ilikuwa ya TFDA, Mamlaka ya Chakula na Dawa, mpaka katikati ya mwaka 2019. Kuanzia tarehe 1 Julai mwaka huo ilihamishiwa Shirika la Viwango, TBS, lenye makao yake Ubungo, na TFDA ikabaki na dawa na vifaa tiba kwa jina la TMDA. Ipo pia maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Unaposikia TBS wamekamata na kuteketeza vipodozi vyenye viambata sumu, mara nyingi ni zebaki, haidrokwinoni na steroidi, vile vinavyotiwa kwenye krimu za kujichubua. Ni kazi kubwa na inaokoa watu.

Lakini shika hili, kwa sababu ndilo jibu la swali lako. Zebaki ni sumu kwa kila mtu. Linalool haiko hivyo: inaweza kukuumiza wewe, na wifi yako anaipaka kila siku asipate hata kipele. Losheni yako inaweza kupimwa kila kipimo, ikakutwa safi, ikawa na alama ya ubora halali kabisa, na bado ikawa adui wa shingo yako. Maabara inaweza kukwambia kilichomo. Ni kipi kati ya hivyo ngozi yako inakikataa, hilo linapimwa kwenye ngozi yako. Kwa hiyo sikushauri uuze kuku wako upeleke chupa moja Dar es Salaam ikapimwe. Majina yakiwa kwenye lebo, nusu ya kazi imekwisha fanyika bila wewe kutoa shilingi.

Na kama chupa haina orodha? Basi hilo lenyewe ni kosa. Kipodozi halali kinatakiwa kuonyesha jina lake, aliyekitengeneza, viambata, namba ya toleo, na tarehe ya kutengenezwa na ya kwisha. Kisichoonyesha hayo, mpelekee afisa afya wa kata au wa halmashauri, au uripoti TBS, ambao kwa upande wa kaskazini wana ofisi ya kanda Arusha. Usiache kuripoti kwa kumwonea haya muuzaji mnayefahamiana. Hata yeye huenda hajui alichouziwa. Yale marashi ya kupimwa kwa sindano kutoka chupa kubwa kwenda chupa ndogo ndiyo yanayonipa wasiwasi kuliko yote, kwa sababu yakishahamishwa hakuna tena lebo, hakuna toleo, hakuna wa kuulizwa.

Nimepata barua nyingi za wadogo zangu wakisema, "Dada, basi nitatumia vya asili tu." Nawaelewa, na sitaki kuwavunja moyo, ila asili haijui kuchagua ngozi ya kuhurumia. Ninyi wa Korogwe, Muheza na Handeni mmezaliwa kwenye machungwa. Mtoto akikamua ganda la chungwa mbele ya mwali wa kibatari, yale matone yanayolipuka moto mdogo ni mafuta ya ganda, na sehemu yake kubwa kabisa ni hiyo hiyo Limonene iliyoandikwa nyuma ya chupa yako. Mafuta ya karafuu, yale yanayokamuliwa kutoka makonyo kwenye kiwanda cha Wawi kule Pemba, sehemu yake kubwa ni Eugenol. Mdalasini wa Amani una Cinnamal. Mchaichai una Citral. Mlangilangi na asumini nazo zina vyake. Ngozi haiulizi kama kitu kimetoka shambani au kiwandani.

Tena Limonene na Linalool zina tabia moja ambayo watu hawaambiwi. Zikiwa mbichi, zimetoka tu, hazina ukali mkubwa kwa ngozi. Zikikutana na hewa kwa muda mrefu hubadilika, na huko kubadilika ndiko kunakozaa vitu vinavyoleta mzio kwa nguvu. Sasa fikiria chupa iliyokaa kibandani kando ya lami, jua la Januari linaipiga, kifuniko kimefunguliwa na kila mteja anayetaka kunusa. Ukiona harufu ya losheni imegeuka, imekuwa kama rangi ya ukutani au mafuta yaliyochacha, usiseme bado inafaa kwa miguu. Nunua chupa ndogo inayokwisha mapema, ifunge vizuri, iweke mbali na dirisha.

Kuhusu harusi, hapa nawaomba mnisikilize wote, wa bara na wa pwani. Bibi arusi anafungiwa ndani, anasuguliwa singo: liwa, karafuu ya kusaga, maua, marashi. Nguo zinafukizwa udi. Anapakwa hina, na siku hizi wengi wanataka ile nyeusi inayokolea kwa saa moja. Hina halisi haikolei nyeusi namna hiyo. Weusi ule hutoka kwenye kiambata cha rangi ya nywele kiitwacho PPD, nacho ni miongoni mwa vitu vikali kabisa kwa mzio. Kinaweza kuacha malengelenge yenye umbo la ua lile lile lililochorwa. Bibi arusi akianza vitu vyote hivi vipya ndani ya wiki mbili, kinga ya mwili ina muda wa kutosha kujifunza na kulipuka siku ya kutoka. Dawa yake ni kuanza mapema, kimoja kimoja, na mambo mapya yasiingie wiki ya mwisho. Najua si rahisi kumwambia somo yako. Mwambie kwa heshima: "Shikamoo somo, ngozi yangu ina mzio, naomba singo unisugulie mkononi kwanza tuone." Somo anayejua kazi yake hatakataa, maana aibu ya bibi arusi aliyevimba uso ni yake pia.

Kujipima nyumbani kunawezekana, na hakuhitaji mashine. Paka kidogo, upana wa sarafu, kwenye ngozi ya ndani ya kiwiko, asubuhi na jioni, mahali pale pale, kwa siku saba. Ukiweza fikisha 14. Ukiona wekundu, vipele au mwasho, acha hapo hapo. Hii ni kwa losheni na mafuta ya kubaki mwilini. Sabuni usiiache ikakauka kwenye ngozi, itaunguza hata isiyo na mzio. Na wewe mdogo wangu usiijaribu tena hiyo losheni iliyokuvimbisha kope, umekwisha kupata jibu lake.

Sasa kuna hatari nyingine inayoniuma zaidi ya upele wenyewe. Ngozi yetu ikiwaka, ikipona huacha baka jeusi. Baka hilo shingoni au usoni linaweza kukaa miezi. Binti anajitazama, anaona haya, anakwenda dukani kutafuta cha kuliondoa, anapewa mkorogo. Ndani ya mkorogo mara nyingi kuna steroidi kali, hivyo mwasho unatulia siku mbili na anaamini amepata dawa, kumbe ngozi inakondeshwa. Akiacha, inalipuka upya. Safari iliyoanza na losheni yenye harufu ya waridi inaishia kwenye ngozi iliyochanika mistari. Tafadhali, baka la mzio huisha lenyewe taratibu lisipopigwa jua kali wala kusuguliwa. Vumilia. Paka vazelini isiyo na harufu. Kwenye lebo tafuta maneno "fragrance free", maana yake haikutiwa harufu. "Unscented" ni jambo tofauti: huenda imetiwa kitu cha kufunika harufu, na hicho nacho ni harufu.

Kope zikiwa zimevimba, usijipake krimu ya kuazima kwa jirani. Nenda hospitali ya Magunga, pale Korogwe mjini, uende na chupa na lile daftari la majina. Daktari akiona inafaa atakupa rufaa ya Bombo, Tanga, au ya Moshi. Pale KCMC, hospitali ya Moshi, kuna kituo kinachofundisha madaktari na waganga wa ngozi wa nchi nyingi za Afrika, kilichoanza mwaka 1992. Muulize daktari wa ngozi kuhusu kipimo cha viraka. Vinabandikwa viraka vidogo mgongoni, kila kimoja na kiambata chake, vinakaa siku mbili bila kuloweshwa, vinabanduliwa, daktari anasoma, kisha anasoma tena siku ya tatu au ya nne. Kiraka cha harufu kinachotumika zaidi duniani kina mchanganyiko wa viambata vinane, ndani yake Eugenol, Geraniol na Cinnamal. Palipovimba ndipo jina la adui wako lilipo. Ukishalijua, unakwenda dukani unasoma chupa kwa dakika moja na kuamua.

Nimalize na kikundi chenu, na nimefurahi mno kwamba mmeuliza kabla ya watu kuumia. Msiache sabuni. Ila harufu mnayonunua bila karatasi ni mzigo mtakaoubeba ninyi. Muuzaji wa harufu za viwandani anayejiheshimu ana hati inayotaja viambata vya mzio vilivyomo na asilimia yake, pamoja na cheti kinachosema harufu ile itiwe kiasi gani kwenye sabuni na kiasi gani kwenye losheni, kwa kufuata mwongozo wa IFRA, umoja wa watengeneza harufu ulioanzishwa mwaka 1973. Mkiwa na hati hiyo, hesabu mnaifanya wenyewe chini ya mwembe. Tuseme harufu yenu ina Linalool asilimia 5. Mkitia gramu 10 za harufu kwenye kilo moja ya sabuni, mmetia nusu gramu ya Linalool, yaani asilimia 0.05. Kiwango cha kutaja kwa kitu cha kusuuza ni asilimia 0.01. Mmekivuka mara tano. Haina maana mmetenda kosa, wala sabuni haijawa sumu. Maana yake ni kwamba, mkitaka kumtendea haki mteja, jina Linalool liandikwe kwenye lebo yenu. Harufu hiyo hiyo kwa kiasi hicho hicho mkiitia kwenye mafuta ya mgando ya watoto, mmevuka mara hamsini. Hapo nawaambia kama dada: mafuta ya watoto yasitiwe harufu kabisa. Mtoto mchanga ana harufu yake nzuri.

Nendeni SIDO, shirika la viwanda vidogo, mkoani Tanga mpate barua ya utambulisho, ndiyo inayowafungulia wajasiriamali wadogo mlango wa TBS, na kwa walio wadogo huduma ya kuthibitisha ubora hutolewa bila malipo mwanzoni. Wekeni daftari la kila pishi: tarehe, harufu ipi, gramu ngapi, imeuzwa wapi. Siku mteja wa Mombo akija na mkono uliovimba, mtajua ni pishi lipi na mtaliondoa sokoni lote kabla halijafika Lushoto.

Na yule anayewaletea harufu kutoka Kariakoo, mwambieni safari ijayo aje na hati ya viambata. Akisema haipo, msinunue kwake.